Kabla ya Kumwambia Mtoto Avute Pumzi

Kila ninapomsikia mtu akipendekeza yoga ipelekwe kwenye shule za msingi za Bagamoyo, huwa nasubiri nione kama atataja fimbo. Mara nyingi haitaji. Atazungumzia utulivu, usikivu darasani, watoto wanaoshinda kwenye simu za wazazi wao, kisha ataeleza jinsi dakika kumi za kukaa kimya na kufuatilia pumzi zitakavyowafaa. Sina ugomvi na hayo. Ila mtoto huyo anayeambiwa afumbe macho, alegeze mabega na ashushe pumzi polepole amekaa mbele ya mtu mzima ambaye sheria inamruhusu kumchapa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na mchapaji awe mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Aliyesoma shule zetu, au aliye na mtoto huko, anajua kinachowapata waliochelewa namba Jumatatu asubuhi, na anajua kama kuna mtu anayeulizia karatasi ya idhini.

Mtoto aliyezoea kutega sikio asikie hatua za mwalimu nje ya darasa hafumbi macho kwa kuamriwa. Akiyafumba, anachungulia. Mwili wake unamlinda, na unafanya hivyo ipasavyo. Pumzi imepanda kifuani kwa sababu kuna jambo la kuogopa, na zoezi la kupumua haliliondoi jambo lenyewe. Ndiyo maana nina msimamo ambao rafiki zangu wapenda yoga wanauona wa kukatisha tamaa: hapa mjini kwetu, elimu ya pumzi ianze na watu wazima wanaoshinda na watoto. Nawasema walimu wa shule, walimu wa madrasa, walezi wa vituo vya watoto wadogo, na wazazi wenyewe. Mtoto afikiwe kupitia kwao, na zamu yake ikifika afundishwe kwa namna nyingine kabisa.

Najua nitajibiwa kwamba samaki mkunje angali mbichi. Lakini ushahidi tulio nao kuhusu jambo hili unaelekea upande wa pili. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Uingereza, lililojulikana kwa jina la MYRIAD. Shule za sekondari 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000, wengi wao wa miaka 11 hadi 13, waligawanywa makundi mawili: shule za kundi la kwanza zikafundisha kutulia na kufuatilia pumzi na mawazo, za kundi la pili zikaendelea na masomo yao ya kawaida ya malezi na hisia. Waliofundisha walikuwa walimu wa shule hizo hizo, waliopewa mafunzo kwanza. Haikuwa yoga ya kunyoosha viungo, lakini ndiyo sehemu ile ile ambayo watetezi wa yoga shuleni huitaja zaidi. Afya ya akili ya wanafunzi waliofundishwa haikuwa bora kuliko ya wenzao. Wengi hata hawakufanya mazoezi nyumbani. Waliopata nafuu, angalau kwa muda, walikuwa walimu: uchovu wa kazi ulipungua, na hali ya jumla ya shule ikaonekana kuwa bora kidogo.

Mtu anaweza kusema vijana wa Uingereza wana mambo yao na sisi tuna yetu. Haya, tuje nyumbani. Mwaka 2018 Mabula Nkuba na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika shule za sekondari za Tanzania. Walimu walipewa mafunzo ya siku chache kuhusu namna ya kuelewana na wanafunzi, madhara ya adhabu kali, na jinsi ya kulimudu darasa bila kupiga. Miezi michache baadaye, walimu hao walikuwa wanatumia adhabu kali kwa kiasi kidogo kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo. Hakuna aliyewagusa wanafunzi kwanza. Alibadilishwa mtu mzima, mtoto akapata nafuu.

Mafunzo hayo hayakuhusu yoga, na yoga haiwezi kushika nafasi yake. Panapoweza kusaidia ni padogo sana: zile sekunde chache kati ya hasira kupanda na mkono kunyanyuka. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya 45, tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, hana nafasi nyingine ya kujituliza. Hawezi kutoka nje akanywe maji. Pumzi yake anayo pale pale alipo, na haimgharimu kitu.

Jinsi inavyofanya kazi si siri. Shika mshipa wa mkono wako kwenye kifundo, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo huku unapumua polepole. Utaona kwamba moyo unaongeza kasi kidogo unapovuta hewa na kupunguza unapoitoa. Neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni, ndiyo inayoshika breki hiyo, na kazi yake huonekana zaidi wakati wa kutoa hewa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akishuka hadi kama mara 6, huku kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, moyo na mishipa ya damu huanza kwenda kwa mpigo mmoja na pumzi, na mwili unapata ishara kwamba hatari imepita.

Sasa kuna jambo ambalo kwa mtu wa Bagamoyo lina utamu wake. Mwaka 2001 Luciano Bernardi, daktari wa Italia, na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza utafiti wa watu wazima 23. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Vyote viwili viliwashusha hadi karibu pumzi 6 kwa dakika, na vyote viliupanga mwendo wa moyo kwa namna ile ile. Katika mji huu Mapadri wa Roho Mtakatifu wamesalisha rozari tangu mwaka 1868. Katika mji huu huu Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu humwita Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa na kuja kuwa kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya hadi alipofariki mwaka 1931, aliacha dhikri ambayo mpaka leo huwakusanya watu wa mbali wakati wa maulidi. Aliyewahi kusimama kwenye duara la dhikri anajua kwamba pumzi ndiyo inayoongoza, sauti inafuata. Na mtoto wa madrasa anayefundishwa tajwidi, yaani kanuni za kusoma Kurani, anafundishwa, tena kwa ukali, wapi asimame na wapi asikate, kwa sababu akiishiwa pumzi katikati ya neno ameharibu. Hatuanzi na ukurasa mtupu. Sisemi dhikri ni yoga, wala rozari ni yoga. Wenyewe wana nia zao na Mungu wao. Nasema tu kwamba anayekuja kutufundisha kupumua aulize kwanza tunapumuaje.

Darasa la watu wazima nimelikalia pembeni zaidi ya mara moja, kwa hiyo nitalieleza. Ni alasiri, baada ya swala, uani kwa nyumba moja ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Ni wanawake peke yao, wengi wamevaa dera, mmoja na buibui lake aliloliinua kidogo lisimkwaze. Mikeka ya ukindu imetandikwa juu ya saruji, na baada ya dakika tano kila mtu amegundua kwamba mkeka juu ya saruji unateleza. Mwalimu, msichana aliyetokea kwenye sarakasi, akawaambia waiweke kando: mazoezi ya kusimama yafanywe peku kwenye sakafu, mkeka ungoje wakati wa kulala. Uamuzi mdogo, lakini umetoka kwa mtu anayeijua sakafu ya hapa. Godoro jembamba la mpira lenye rangi ya zambarau, lile la kwenye matangazo, bei yake inalisha nyumba wiki nzima.

Ukaja wakati wa kulala chali. Bi mkubwa mmoja, mkaanga samaki, akagoma.

"Mwanangu, mimi kulala mchana kweupe mbele za watu sijazoea."

"Basi kaa, mama. Egemea ukuta, nyoosha miguu, vile unavyokaa ukichambua mchele."

Akakaa hivyo, mkono mmoja tumboni. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, tumbo halitikisiki. Mwalimu hakumwambia avute pumzi. Alimwambia atoe tu, atoe mpaka iishe, kisha angoje inayofuata ije yenyewe. Mara ya nne au ya tano mkono ule tumboni ukasogea. Bi mkubwa akautazama mkono wake kwa mashaka, akacheka, na wenzake wakacheka, pumzi ikapotea, wakaanza upya.

Huo ndio ualimu ninaoutaka. Walimu wapya wengi hukimbilia kusema "vuta pumzi ndefu, jaza kifua". Mtu mwenye wasiwasi tayari anapumua kupita mahitaji yake. Ukimwongezea, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, anasikia kizunguzungu, vidole na midomo vinakufa ganzi, na anaondoka akiamini kwamba kupumua kumemdhuru. Kwa kiasi fulani kumemdhuru kweli. Kiwambo, ule msuli mpana uliotandaa kati ya kifua na tumbo, hakihitaji kulazimishwa. Kikiachiwa mwisho wa kutoa hewa, kinashuka chenyewe. Waimbaji wa kwaya wanalijua hili, na mpiga zumari asingefika mwisho wa ngoma bila kulijua.

Darasa hilo hilo lilinionyesha pia mpaka wa elimu ya pumzi. Bi mkubwa yule kesho yake alikuwa kwenye karai lake kule soko la samaki, moshi wa kuni ukimpiga usoni. Je, naye apumue kwa kina? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Serikali yetu ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwisho wake, na mimi ningependa kuona wakaanga samaki wa pwani wakiwa mstari wa mbele kwenye foleni hiyo. Mpaka hapo, mwalimu wa yoga anayemwambia mwanamke huyu ajisikilize anavyopumua bila kumuuliza anapumua nini amefanya nusu ya kazi. Zoezi la kwanza kwake ni kuligeuza jiko lifuate upepo wa bahari na yeye akae upande upepo unakotoka. La pili ni kwenda hospitali kuhusu kikohozi alichokizoea. Mkao wa nyoka baadaye.

Hapo ndipo ninapopishana pia na wanaouza yoga kwa sifa za dawa. Kupumua polepole kunaweza kushusha presha kwa pointi chache. Hakuruhusu mtu kuacha vidonge. Pumu inaweza kupata unafuu kidogo kwa mazoezi ya namna hii; pampu ibaki mfukoni. Mjamzito, mwenye presha ya kupanda, mwenye kifafa na mwenye presha ya macho hawana haja ya kubana pumzi wala kusimama kwa kichwa, na mwalimu asiyewauliza kabla ya kuanza asilipwe. Nimesikia mtu akiahidi kwamba mazoezi fulani ya kupuliza hewa puani kwa kasi "yanasafisha sukari". Kisukari hakisafishwi puani.

Tukija kwa watoto, tuanze na historia, maana inafundisha. Mikao mingi ya yoga inayofundishwa leo duniani haikutoka moja kwa moja kwenye mapango ya wahenga wa India wa maelfu ya miaka. Sehemu kubwa ya mtindo wake wa sasa, ule wa kuruka na kuunganisha mikao, ilikuzwa miaka ya 1930 katika kasri la Mysore na Tirumalai Krishnamacharya, aliyekuwa akiwafundisha wavulana. Wavulana wanataka kuruka, akawarusha. Lakini alipokuja mwanamke mtu mzima, Indra Devi, yule aliyefungua darasa la yoga Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940, alimfundisha kwa upole zaidi. Na miaka iliyofuata Krishnamacharya alizidi kusisitiza kwamba zoezi lipimwe kwa mtu: umri wake, afya yake, pumzi yake. Mwalimu yule yule, masomo tofauti. Ajabu ni kwamba siku hizi tumepindua: watu wazima wenye magoti mabovu wanarushwa hotelini, watoto wanaambiwa wakae kimya wafikiri.

Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili hupumua kwa kasi kuliko mtu mzima, mara 18 hadi 30 kwa dakika akiwa ametulia. Kumtaka afike mara 6 ni kumtesa bure. Asibanishwe pumzi. Asifundishwe ile ya kupuliza puani kwa kasi. Akitaka macho wazi, yawe wazi. Mpe uji wa kuwaziwa kwenye kiganja: aunuse, aupulize upoe, polepole usimwagike. Kutoa hewa kwake kutarefuka bila hesabu yoyote. Mlaze chali umwekee kiberiti kitupu juu ya kitovu, aone kinavyopanda na kushuka. Wa miaka mitano atacheka mpaka kianguke, na hiyo nayo ni pumzi. Mwambie awe mbuyu wa Kaole, mguu mmoja, upepo unavuma. Mwambie awe simba, atoe ulimi wote na angurume. Dakika saba au nane zinatosha, kisha aachiwe akacheze. Anayetaka kipindi kizima cha dakika arobaini cha watoto waliotulia anatafuta picha ya mtandaoni.

Shule zetu tayari zina mahali pa kuweka hizo dakika nane. Mchakamchaka wa asubuhi ni zoezi la pumzi tangu zamani: mmoja anaimba, wengine wanaitikia, miguu inapiga, na asiyejua kugawa hewa yake anabaki nyuma akishika mbavu. Wakimaliza, kabla ya kupanga mistari, mwalimu awaache wasimame walipo, mikono kiunoni au tumboni, wasikilize moyo ukirudi chini. Hakuna haja ya kitu kingine. Na mwalimu asimame nao, naye akihema, bila fimbo mkononi. Nimerudi kwenye fimbo, ndiyo, na nitaendelea kuirudia.

Kabla ya mtoto yeyote kupanda mkeka, mzazi aulizwe kuhusu pumu na selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na mtoto huyo akikimbizwa juani bila maji anaweza kuangukia kwenye maumivu makali. Anaweza kushiriki, ila kwa kiasi, kivulini, na maji karibu. Na kuna suala la kugusa. Ulimwengu wa yoga umekuwa na kashfa za walimu waliotumia kisingizio cha kurekebisha mkao. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, haisubiri kashfa. Darasa la watoto liwe mahali pa wazi, mzazi yeyote aweze kupita akachungulia, watu wazima wawe wawili, na mkao urekebishwe kwa maneno au kwa kuonyesha. Mtoto akikaa vibaya kidogo kwenye mbuyu wake hafi.

Suala la dini nitalipitia upesi, kwa sababu wengine wameshalitolea jasho. Baraza la fatwa la taifa la Malaysia mwaka 2008 lilikataza yoga inayochanganya mantra na ibada. Baraza la maulamaa la Indonesia mwanzoni mwa 2009 likatenganisha: yenye ibada ya Kihindu imekatazwa, ya mazoezi ya mwili inaruhusiwa. Saudi Arabia mwaka 2017 ikaitambua yoga kuwa shughuli ya michezo. Upande wa Wakristo, jimbo la Alabama huko Marekani liliipiga marufuku shuleni mwaka 1993 na kulegeza mwaka 2021, huku likiendelea kukataza mantra na salamu ya namaste. California wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema programu ya shule za Encinitas ilikuwa ya mazoezi, haikuwa ya dini. Kwa hiyo njia ipo: shule ya umma isiwe na mantra, sanamu wala salamu za kuunganisha viganja. Na asili isifichwe. Mzazi aambiwe waziwazi kwamba haya yametoka India, sehemu hii tumechukua, ile tumeiacha, na mwanao anaweza kubaki nje akicheza bila kuulizwa sababu. Wanaonichosha ni wale wanaoificha chini ya jina la "kunyoosha viungo" wakidhani wazazi wa Bagamoyo hawana intaneti.

Tena mji huu una mfano wa kigeni kilichogeuka chetu. Sarakasi ya kisasa ilishika mizizi nchini baada ya vijana wa Kitanzania kupelekwa China kujifunza miaka ya 1960. Leo inafundishwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na ukipita ufukweni jioni utawakuta watoto wakirukiana mabegani kwenye mchanga bila kumuuliza mtu pasipoti ya zoezi. Wahitimu wa pale wanajua mwili, wanajua sauti, wanajua kuliteka darasa la watoto wasiotulia kwa ngoma moja. Wanachokosa ni somo la afya: nani asifanye nini, na kwa nini. Hilo linafundishika, na mkufunzi wake anaweza kuwa tabibu wa hospitali ya wilaya badala ya mgeni.

Cheti cha kimataifa nacho kitazamwe kwa kiasi. Yoga Alliance ya Marekani, ambayo watu huitaja kana kwamba ni wizara, husajili walimu waliomaliza kozi ya saa 200; kwa walimu wa watoto kuna kozi yake ya saa 95. Saa 200 si kitu kibaya. Lakini nazilinganisha na mwalimu wa chekechea aliyekaa na watoto miaka kumi, na najua ni yupi kati yao nitamwachia mwanangu. Yule wa chekechea akipewa Jumamosi kadhaa za elimu ya pumzi atafanya kazi nzuri. Yule wa saa 200, asiyejua mtoto wa miaka mitano anaomba kwenda msalani mara ngapi, atahitaji zaidi ya Jumamosi kadhaa.

Tangu Umoja wa Mataifa uidhinishe, Desemba 2014, kwamba 21 Juni iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, zimeongezeka picha za watoto wa Kiafrika waliopangwa mistari, mikono juu, na mtu mmoja wa kujitolea mbele yao. Pwani yetu inawapokea wengi wa aina hiyo. Wanakuja kwa moyo safi, wanakaa wiki tatu, watoto wanawazoea, kisha wanapanda basi la Dar es Salaam na darasa linakufa. Mkuu wa shule hana wa kumuuliza, na picha za watoto zimeshafika Ulaya bila mzazi kuweka saini.

Ningekuwa na sauti kwenye kamati za shule, ningeweka sharti moja tu: asiyeweza kukaa muhula mzima asipewe darasa la watoto. Apewe walimu. Jumamosi tatu, chumba cha walimu, viti vya plastiki, hakuna anayelazwa chini. Awafundishe kutoa hewa hadi mwisho na kungoja, awaambie wajaribu Jumatatu saa tano, darasa likichafuka, kisha wiki inayofuata waje waseme ilikuwaje, pamoja na wale watakaosema haikusaidia kitu. Hoteli zinazotoza wageni dola kwa darasa la asubuhi la ufukweni zinaweza kugharamia chai na nauli, na zimlipe pia kijana wa sarakasi atakayeshika kazi hiyo mgeni akishaondoka. Asiitwe wa kujitolea. Ana kodi ya nyumba kama watu wote.